Kofia ya Jino: Kutoka Dhahabu Hadi Kauri



Sisi mafundi wa nguo za harusi hapa Mbeya tunapima mabega, kifua na kiuno, lakini tabasamu hatulipimi. Hata hivyo tunaliona. Yupo bibi harusi anayeziba mdomo kwa mtandio kila akicheka, maana jino lake la mbele limevunjika. Yupo na mwingine mwenye meno mazima kabisa, ila anataka yachongwe yote ya mbele avikwe meupe kabla ya siku ya picha. Wote wawili wanatuuliza: nivae kofia gani ya jino? Leo tuwajibu kwa kuangalia kofia hii ilikotoka.

Kofia ya jino ni gamba gumu linalofunika jino lote mpaka kwenye fizi. Ili likae, daktari hulichonga jino kwanza, kama sisi tunavyokata kitambaa kabla ya kushona.

Katika dini yetu habari inaanzia puani. Arfaja bin As'ad r.a. alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akaweka pua ya fedha, ikamharibikia na kutoa harufu. Mtume s.a.w. akamwamuru aweke ya dhahabu. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Imepokewa pia kwamba Sayyidna Uthman r.a. aliyafunga meno yake kwa dhahabu. Ndiyo maana Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake vinasomwa sana Visiwani, anamruhusu hata mwanamume aliyepoteza jino kuweka la dhahabu, ingawa pete ya dhahabu ni haramu kwake. Hapo palikuwa na haja, si pambo.

Matabibu nao waliijua siri hiyo. Karibu mwaka 1000, Az-Zahrawi wa Kordoba aliandika kwamba meno yanayolegea yafungwe kwa uzi wa dhahabu, kwa kuwa fedha hubadilika baada ya siku chache. Jino lililotoka aliliwekea badala yake mfupa wa ng'ombe uliochongwa.

Dhahabu hiyo si ngeni kwetu Mbeya. Mji wetu ulikua miaka ya 1920 na 1930, watu walipokimbilia machimbo ya Lupa kule Chunya. Kwa bibi zetu wa Pwani na Visiwani, jino la dhahabu lilikuwa pambo, likimetameta bibi akitabasamu.

Kofia iliyokaa sawasawa na jino ilirahisika mwaka 1907, pale William Taggart wa Chicago alipoonyesha namna ya kuchonga umbo kwa nta kisha kumimina dhahabu mahali pa nta. Kipindi hichohicho Charles Land wa Detroit alitengeneza kofia ya kauri, nyeupe kama jino, ila ilivunjika upesi. Miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wakaunganisha viwili: chuma ndani, kauri juu. Mwishoni mwa karne ya 20 ikaja zirkonia, kauri ngumu isiyohitaji chuma.

Basi uchague ipi? Dhahabu hudumu sana, huhitaji jino lichongwe kidogo, na hailisagi jino linalokutana nayo. Inafaa magego, kama rangi yake haikusumbui. Yenye chuma ndani ni imara, lakini kauri ya juu inaweza kubanduka, na fizi zikishuka mstari mweusi unaweza kuonekana. Kauri tupu inapendeza meno ya mbele. Zirkonia inastahimili hata magego. Muulize daktari bei yote kabla hajaanza, pamoja na matibabu ya mzizi kama yatahitajika.

Wengine mnauliza kuhusu udhu. Kofia iliyogandishwa haitolewi. Unasukutua juu yake. Na kwa madhehebu yetu ya Shafii kusukutua ni sunna, katika udhu na katika josho.

Sasa turudi kwa yule mwenye meno mazima. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Mas'ud r.a. laana kwa wanawake wanaochonga meno kutia mwanya kwa ajili ya uzuri. Sisi tunaousifu mwanya tuisome hadithi hiyo polepole. Wanazuoni wameshika neno hilo, kwa ajili ya uzuri, wakasema anayetibu ugonjwa au kasoro hayumo. Kwa hiyo dada mwenye jino lililovunjika asione haya. Njia yake ni ya Arfaja. Mwenye meno mazima amuulize kwanza sheikh anayemwamini, na amuulize daktari kama kusafisha tu hakutoshi.

Sisi tukikata kitambaa vibaya, tunanunua kingine. Jino likishachongwa halirudi, na kofia haidumu milele. Itakapochakaa utavalishwa nyingine, na nyingine tena. Harusi ni siku moja, jino ni la kulia chakula miaka yote.

Kwa hiyo mwenye haja aende miezi kadhaa kabla ya harusi, asisubiri wiki ya hina. Na shoga yako akiziba mdomo kwa mtandio, usimcheke. Mshike mkono, mwende pamoja kwa daktari.

Wallahu aalam.