Sarafu za Kilwa na Thamani ya Mahali: Uokotaji wa Malikale kwa Burudani na Athari zake kwa Historia ya Pwani

Mwaka 1944, Maurie Isenberg, askari wa Jeshi la Anga la Australia aliyekuwa katika kituo cha rada kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu tisa mchangani. Alizitia katika mkebe, na ilipofika mwaka 1979 ndipo alipozipeleka zitambuliwe. Nne zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki. Tano zilikuwa za shaba, na zilitoka Kilwa.

Tangu hapo wanahistoria wamejiuliza sarafu hizo zilifikaje huko. Je, zilibebwa na mabaharia wa Bahari ya Hindi kabla ya Wareno, au zilikuja baadaye pamoja na zile za Kiholanzi? Sarafu zenyewe haziwezi kujibu. Mchanga wa ufukweni huhama, na vitu vya nyakati tofauti huweza kukutanishwa na mawimbi. Hata hivyo, Isenberg alifanya jambo ambalo waokotaji wengi hawalifanyi: alitia alama kwenye ramani mahali alipoziokota. Kwa sababu ya alama hiyo, watafiti waliofika visiwani mwaka 2013 walijua waanzie wapi.

Uzito wa suala hili unatokana na maumbile ya sarafu za Kilwa. Upande mmoja hubeba jina la sultani, na upande wa pili maneno ya Kiarabu ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili hupatana kwa vina. Kwa mtafiti wa lugha, huo ni ushahidi wa jamii ya pwani iliyothamini ufundi wa maneno hata juu ya kipande kidogo cha shaba. Lakini sarafu hizo hazitaji mwaka. Anayeishika mkononi atasoma jina, ila hatajua zama.

Zama hujulikana kwa majirani wa sarafu ardhini. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, alikadiria kwamba Sultani Ali bin al-Hasan alitawala karibu na mwaka 1200. Kisha, mwaka 1984, zaidi ya sarafu 2,000 za fedha zilipatikana Mtambwe Mkuu, Pemba, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nje, ambazo ya mwisho kati yake ni ya mwaka 1066. Miongoni mwa majina yaliyosomwa kwenye zile za fedha lilikuwamo la Ali bin al-Hasan. Kwa msingi huo, Mark Horton alirudisha utawala wake hadi karne ya 11. Lau mtu angezichukua dinari akaziuza na kuziacha za fedha, hoja hiyo isingepatikana, na hakuna ambaye angejua kwamba kuna kilichopotea.

Hii ndiyo hasara ya uwindaji wa malikale kwa burudani. Kifaa huweza kusalimika kikiwa kimeng'arishwa na kupangwa kabatini, ilhali habari zake zimekwisha kuteketea. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na uchimbaji huhitaji kibali. Ulinzi huo ni wa lazima. Hata hivyo, mvuvi au mkulima aliyeokota sarafu akihofia kushtakiwa, huenda akanyamaza au akamuuzia mpita njia.

Uingereza na Wales zilichagua njia ya ziada. Baada ya Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, ulianzishwa mwaka 1997 mpango wa kuandikisha vitu vinavyookotwa na raia, na maofisa wa mikoani hupokea taarifa na kurekodi mahali kila kitu kilipopatikana. Mpango huo hauwezi kuhamishiwa pwani ya Afrika Mashariki ulivyo, kwani huko wengi huwinda kwa mashine za kutambulia metali, na baadhi ya vitu hubaki mikononi mwao. Kinachofaa kuazimwa ni kanuni yake: taarifa ya mahali ipokewe bila kumtisha aliyeileta.

Kwa hiyo, idara za mambo ya kale za ukanda huu zinapaswa kuwa na mtu wa kupokea taarifa hizo karibu na vijiji vya magofu, fomu fupi ya Kiswahili, na ahadi ya wazi kwamba anayeripoti kwa nia njema hatageuzwa mshtakiwa. Alama moja ya askari kwenye ramani ilifaa kitu baada ya miaka 69. Alama za wakazi wa pwani yenyewe zingefaa zaidi.