Kiti cha Rubani na Mtu wa Kadiri

Wasikilizaji wetu, fundi wa nguo hashoni kanzu ya kimo kimoja akaiuza kwa mji mzima. Hupima kwanza, maana vidole vya mkono mmoja havilingani, sembuse watu. Leo twapenda kuwaeleza jinsi jeshi la ndege la Marekani lilivyojifunza neno hilo.

Katika mwaka 1926 wahandisi wa jeshi walipima miili ya marubani, wakatafuta vipimo vya kati, na kwa hivyo wakatengeneza chumba cha rubani. Waliwaza ya kuwa chumba kinachomfaa mtu wa kadiri kitawafaa wengi. Lakini ndege zilipozidi mwendo, rubani ambaye mkono wake haukufika upesi penye usukani, au mguu wake penye vikanyagio, alikuwa hatarini.

Basi mwaka 1950 marubani 4,063 walipimwa upya. Kijana mmoja, Gilbert Daniels, aliyesoma habari za maumbo ya wanadamu katika chuo cha Harvard, alichagua vipimo kumi, kama vile kimo, kifua, shingo, kiuno na paja. Kwa kila kipimo, alimhesabu kuwa wa kadiri mtu aliyekuwamo katika theluthi ya kati, au karibu yake. Je, ni wangapi walioonekana kuwa wa kadiri kwa vipimo vyote kumi? Hakuna hata mmoja! Mwenye mikono mirefu aliweza kuwa na miguu mifupi, na mwenye kifua kipana kuwa na kiuno chembamba.

Daniels alitoa taarifa yake mwaka 1952. Wakuu wakakubali ya kwamba haifai kumlazimisha mtu alingane na chumba. Yapasa chumba kilingane na mtu. Ndipo vikatakiwa viti vya kupandishwa na kushushwa, vikanyagio vya kusogezwa, na mikanda ya kulegezwa na kukazwa.

Hata hivyo kosa halikwisha. Kwa miaka mingi ndege ziliundwa kwa vipimo vya wanaume tu, vilivyochukuliwa mwaka 1967, na wanawake wengi wenye uwezo hawakuenea katika viti. Katika mwaka 2020 jeshi hilo liliamuru ndege mpya ziundwe kwa kuwafikiria wanawake pia.

Nasi tusidhani kwamba habari hii ni ya marubani peke yao. Mtoto mfupi na kijana mrefu wakikalia dawati la namna moja, mmoja miguu yake yaning'inia, na mwingine mgongo wamwuma. Kabla ya kuwaita wavivu wa kuandika, yatupasa tukitazame kwanza kiti.