Visanduku vya Kijivu Kabla ya Ukurasa

Ukifungua programu nyingi za simu leo, kwanza unaona visanduku vya kijivu: duara mahali pa picha, mistari miwili mahali pa jina na maelezo. Mbinu hii, yaani skrini ya kiunzi, ilipata jina mwaka 2013, Luke Wroblewski alipoeleza yaliyoikuta Polar, programu ya kura za maoni aliyoianzisha. Wasanifu wake waliweka viduara vinavyozunguka kila penye kusubiri, na watumiaji wakaanza kulalamika kuwa programu imekuwa nzito. Kiduara kiliwakumbusha tu kwamba wanasubiri. Kikaondolewa, likachorwa umbo la ukurasa, yaliyomo yakajaa humo kidogo kidogo.

Haja ya kumwonyesha anayesubiri kinachoendelea ni ya zamani zaidi. Mwaka 1985 mtafiti Brad Myers alionyesha kuwa watu huipenda zaidi kompyuta inayowaambia asilimia ya kazi iliyokwisha kufanyika. Picha za GIF, zilizoletwa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987, ziliweza kushuka kwa awamu nne: kwanza kila mstari wa nane, kisha iliyorukwa, hadi picha ikamilike, mwenye modemu ya polepole akaitambua picha mapema. Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa. GIF ilionyesha data iliyokwisha kufika, na asilimia ilipima kazi halisi. Kiunzi hakipimi chochote: huweza kuchorwa kabla seva haijajibu, na mng'ao unaopita juu ya visanduku vyake unaweza kuendelea hata mtandao ukiwa umekatika.

Ndiyo maana siyashangai matokeo ya jaribio la kampuni ya Viget la mwaka 2017, ambapo walioonyeshwa kiunzi walihisi wamesubiri zaidi kuliko walioona kiduara au skrini tupu. Jaribio hilo linadhoofisha dai kwamba kijivu chenyewe hufupisha muda. Haligusi faida nyingine, ambayo kwangu ndiyo kubwa: kiunzi kilichopimwa sawasawa hushika nafasi, maandishi yasiruke picha inapofika na kidole kikaangukia tangazo. Google iliweka mruko huo katika vipimo vyake vikuu vya kurasa mwaka 2020. Wapo wanaosema heri kuharakisha ukurasa wenyewe, na wana haki. Mtaalamu wa urahisi wa matumizi Jakob Nielsen aliandika mwaka 1993 kuwa ndani ya sekunde 1 mawazo ya mtumiaji hayakatiki. Ukurasa wa kasi hiyo ukiwekewa kiunzi, utamemeteka tu machoni bure. Kazi ya sekunde zaidi ya 10 inadai asilimia. Kiunzi kibaki kati ya sekunde hizo 1 na 10, kifanane na kinachokuja, na muda ukizidi kiupishe ujumbe unaosema wazi kuwa mtandao umekatika, pamoja na kitufe cha kujaribu tena.