Viti Vitatu vya Watwa

Historia ya Burundi tunayofundishwa ni hadithi ya watu wawili, Mhutu na Mtutsi. Mwaka 1972 husimuliwa hivyo, mwaka 1993 vilevile, na hata Mkataba wa Arusha. Mtwa hutajwa pale mwanzoni, mwalimu anapoeleza kwamba nchi ina makabila matatu, kisha haonekani tena. Katika insha hii ninamfuata yeye.

Zamani Watwa walikuwa wawindaji katika misitu kama Kibira, na wafinyanzi waliouza vyungu vyao vilimani. Baadhi yao walitumika katika ikulu ya mwami. Lakini kutumika ikulu hakukuwapa heshima vijijini. Wengine walikataa kula nao chombo kimoja wala kuoana nao, ingawa chungu cha kupikia maharage ya nyumba hiyohiyo kilitoka mikononi mwa Mtwa.

Ubaguzi huo ulikuwa na mzizi wake katika ardhi. Watwa wengi waliishi chini ya ubugererwa, yaani mtu alipewa mahali pa kukaa na tajiri mwenye ardhi, naye akalipa kwa kazi na utii. Ubugererwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1977. Hata hivyo, kufuta si kugawa. Familia nyingi za Kitwa zilibaki na kiwanja cha nyumba tu, bila shamba. Kibira ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1980, na uwindaji ukawa kosa. Ndoo za plastiki na masufuria vikaua soko la vyungu. Mabonde yenye udongo wa kufinyangia nayo yakalimwa mpunga.

Tarehe 28 Agosti 2000 Mkataba wa Amani ulisainiwa Arusha, kwa usuluhishi ulioanzishwa na Mwalimu Nyerere na kumalizwa na Mandela. Mezani palikuwa na serikali, bunge na vyama 17 vya siasa. Hakuna chama kilichokwenda kwa jina la Watwa. Hata hivyo mkataba uliwakumbuka, na Katiba ya mwaka 2005 ikaandika jambo lisilokuwapo awali: Watwa watatu katika Bunge na watatu katika Seneti. Libérate Nicayenzi alikuwa miongoni mwa waliokalia viti vya Bunge, na Vital Bambanze akakalia kimoja cha Seneti.

Sidharau hatua hiyo. Mtoto wa Kitwa aliyezaliwa baada ya hapo anaweza kumwona mtu wa kwao akisimama bungeni mbele ya taifa. Ila tuangalie hesabu. Bunge la mwaka 2005 lilikuwa na wabunge 118, na watatu hao hawakupigiwa kura na wananchi. Huingizwa kwa utaratibu wa sheria ya uchaguzi, baada ya kura kuhesabiwa. Mbunge asiye na wapiga kura hana wa kumwita kijijini amwulize kuhusu shamba. Serikalini, Katiba inasema Wahutu wasizidi asilimia 60 na Watutsi wasizidi asilimia 40. Jumlisha mwenyewe: hesabu inaweza kujaa bila Mtwa. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2020 ndipo Imelde Sabushimike akawa Mtwa wa kwanza kuwa waziri.

Na ardhi? Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine iliundwa mwaka 2006 ili kushughulikia mashamba ya wakimbizi waliorudi. Kazi yake kubwa ilikuwa kumrudishia mtu alichonyang'anywa. Sasa, aliyekuwa mgererwa tangu babu yake adai kurudishiwa nini? Kwangu hapo ndipo penye kasoro kubwa ya amani yetu: ilirekebisha dhuluma za vita, ikaziacha zile zilizokuwapo kabla ya vita.

Katiba ya mwaka 2018 iliipa Seneti miaka mitano kutathmini kama mgawo wa kikabila uendelee au ukome. Hapa Bujumbura wanafunzi tumebishana sana juu ya jambo hilo. Rafiki yangu mmoja husema mgawo unatulazimisha kukumbuka makabila kila siku, na ninamwelewa. Hata mimi sipendi kuulizwa kabila langu. Mwingine huhofia kwamba bila mgawo tutarudi tulikotoka. Mabishano hayo yote huwa ni ya Wahutu na Watutsi. Hao, mgawo ukifutwa, bado wana vyama, wana viongozi, wana kura. Watwa hukisiwa kuwa asilimia moja hivi ya Warundi, tena wametawanyika vilima vyote vya nchi, kaya chache huku, kaya chache kule. Hakuna mkoa ambao kura zao peke yake zinatosha kumpeleka mtu bungeni. Basi bunge la kwanza lisilo na mgawo linaweza kuwa bunge lisilo na Mtwa hata mmoja.