Nina Simone alichukua zilipendwa za watu akazifanya zake

Kuna watu wakisikia msanii ameimba wimbo wa mwingine, wanasema ati ameishiwa. Manze, tulieni niwaambie kuhusu Eunice Waymon.

Alizaliwa 1933 Tryon, North Carolina, Marekani. Tangu utotoni alisomea piano, na ndoto ilikuwa moja tu: kupiga muziki wa kina Bach kwa majukwaa makubwa. Mwaka wa 1951, chuo cha muziki cha Curtis kule Philadelphia kikamkataa. Yeye aliamini ni kwa sababu ni mweusi.

Lakini kodi haingoji. 1954 akapata kazi ya piano kwa baa moja Atlantic City. Mwenye baa akamwambia aimbe pia, la sivyo kazi imeisha. Akaimba. Mamake alikuwa mhubiri, so akabadilisha jina asijulikane: Nina Simone.

Nyimbo zenyewe zilikuwa zilipendwa, kila mlevi pale anazijua. Sasa skiza "Love Me or Leave Me," ngoma ya 1928, venye aliifanya. Katikati anaacha kuimba, mkono mmoja unaanza, mwingine unaufuata, inakimbizana kama Bach kabisa. Kwa "Little Girl Blue," sauti inaimba wimbo huo huku piano inapiga wimbo wa Krismasi. Maneno ni yale yale, lakini ukisikia hivyo mara moja, ile ya zamani inaanza kukaa kama majaribio.

Hapo ndipo point yangu iko. Chuo kilimnyima nafasi, hakikumnyang'anya Bach. Mimi pia niliacha chuo, na hii hunikumbusha kwamba kile ushajifunza hakirudishwi ofisini pamoja na kitambulisho.

Ila kuna uchungu. Haki za rekodi hizo aliziuza kwa karibu dola 3,000. Mwaka wa 1987 tangazo la manukato ya Chanel likafufua "My Baby Just Cares for Me," ikapanda chati Uingereza. Doo ya maana ilishaenda na ile sahihi ya zamani.

2003, siku chache kabla afe, Curtis wakamtunuku shahada ya heshima.

So kama unarudia wimbo wa mtu, usiogope. Weka ndani kitu wewe pekee unajua. Halafu, tafadhali, soma mkataba kabla ya kusaini.