Majaribio Yanayofeli: Historia ya Kujenga Linux Kutoka Msimbo Chanzo

Tangu Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, programu zake zilisambazwa kama msimbo chanzo, yaani maandishi ya mtunzi kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine na programu iitwayo kompaila. Kila aliyezijenga alizijenga katika kompyuta ambayo mtunzi hakupata kuiona, na ndiyo sababu ikawa desturi kuziambatanisha na majaribio yanayoendeshwa kwa amri ya make check kabla ya programu kusakinishwa.

Hatua kubwa zaidi ilikuja na DejaGnu, chombo cha kuendeshea majaribio kilichoandikwa na Rob Savoye wa kampuni ya Cygnus, kikiegemea programu ya Expect ya Don Libes, ambayo nayo iliegemea Tcl, lugha ya John Ousterhout. DejaGnu haikuishia kwenye kufaulu na kufeli, kwani ilitambua pia XFAIL, yaani kufeli kulikotarajiwa kwa sababu kasoro yake inajulikana, na XPASS, pale kilichotarajiwa kufeli kinapofaulu. Mgawanyo huo, ingawa unaonekana kuwa jambo la ukarani tu, ndio uliomwondolea mjenzi dhana kwamba kila kufeli ni hitilafu mpya.

Linux From Scratch, kitabu cha kujenga mfumo mzima wa Linux kwa mkono kilichoanzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999, kilirithi mtazamo huo. Kinasisitiza majaribio ya maktaba ya C iitwayo Glibc, zana za Binutils na kompaila ya GCC kwa kuwa programu karibu zote zinazofuata huzitegemea hizo tatu, na kwa Binutils na GCC huelekeza amri ya make -k check, ambapo -k huamuru kazi iendelee hata baada ya kosa. Majaribio ya GCC hupita laki moja, na machache yanayofeli hulinganishwa na yale ambayo wajenzi wengine wameshayaripoti kwa toleo lilelile.

Mara nyingi mkosaji si programu. Expect huzungumza na programu nyingine kupitia terminali bandia, ambazo kiini cha mfumo huzitoa kwa njia ya mfumo wa faili uitwao devpts, na usipopachikwa ipasavyo majaribio mengi ya Binutils na GCC huanguka kwa mkupuo, ilhali kompaila yenyewe haina dosari yoyote. Kwa hiyo mjenzi mzoefu anapoona kufeli kwa wingi wa namna hiyo hukagua devpts kwanza, badala ya kuanza kulaumu msimbo. Vivyo hivyo kwa mamlaka ya root, mtumiaji asiyezuiwa na mfumo: jaribio la Coreutils, yaani amri za msingi za mfumo, linalotaka kuona faili likikataa kuandikwa haliwezi kumpima, kwa sababu yeye hakataliwi, na ndiyo maana kitabu humwundia mjenzi mtumiaji wa kawaida aitwaye tester, anayefutwa ujenzi unapokamilika.