Mpangaji Aliyegeuka Mwenye Nyumba: Jengo la Posta ya Zamani, Washington, 2013–2022

Jengo la Posta ya Zamani mjini Washington, lililokamilika mwaka 1899, ni mali ya serikali ya Marekani. Mwaka 2013 idara inayosimamia majengo ya serikali ililikodisha kwa kampuni ya Donald Trump kwa miaka 60, ligeuzwe hoteli. Kifungu cha 37.19 cha mkataba kilimkataza kiongozi yeyote wa kuchaguliwa kuwa na fungu katika mkataba huo au kunufaika nao.

Januari 2017 Trump aliapishwa kuwa Rais bila kuachia umiliki wake. Tangu hapo, uteuzi wa mkuu wa idara iliyopangisha ukawa mikononi mwa mpangaji. Machi 2017 idara ilitamka kuwa mkataba haujakiukwa, kwa hoja kwamba hatagawiwa faida akiwa madarakani. Mwaka 2019 Inspekta Mkuu wa idara hiyo alibaini kuwa wanasheria wake walitambua uwezekano wa kukiukwa kwa Katiba, ambayo inawekea mipaka manufaa anayopokea Rais, wakaamua kutolishughulikia suala hilo. Januari 2021, Trump akiwa ameshaondoka madarakani, Mahakama ya Juu iliagiza mashauri mawili kuhusu manufaa hayo yafutwe pasipo kuamua kiini chake. Haki za upangaji ziliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 375.

Kifungu hakikupungukiwa maneno. Kilipungukiwa msimamizi asiyewajibika kwa mpangaji. Mkataba wa mali ya umma unapaswa kumtaja msimamizi huyo kabla haujatiwa saini.